Kopo la Cheche

Siku ya tatu ya Khaemba gerejini Webuye
Sikuku alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi kuliko mikono,
akamwita kwa upole,
upole ambao sisi tuliomzoea tuliuogopa:
"Kijana, plagi za lori hili zimeishiwa cheche.
Kimbia kwa Ngaruiya wa vipuri akupe kopo moja.
Nyekundu. Za bluu hazidumu."

Lori lenyewe la dizeli. Halina plagi hata moja.

Mimi nilikuwa chini ya tela, nimeuma kola ya ovaroli
nisije nikacheka mapema. Mzaha ni kama ugali:
ukiupakua haujaiva, unang'ang'ania mwiko.

Ngaruiya hakutabasamu. Hapo ndipo ufundi ulipo.
Alipekua rafu, akapuliza vumbi, akasikitika:
"Zimeisha jana. Jaribu kwa Odindo wa kuchomelea."
Odindo akainua miwani yake myeusi:
"Ninazo za uzani wa nusu. Lori litakohoa tu.
Mwone mama wa betri, pale karibu na mizani."
Mama wa betri akamtuma ng'ambo ya reli.
Ng'ambo ya reli wakamwuliza kama amekuja na kifuniko.

Mji mzima, bila mkutano, bila katibu,
ulikubaliana juu ya kitu kisichokuwepo.
Kamati yetu ya maji haijawahi kuelewana hivyo.

Saa nne tulicheka.
Saa saba tulicheka tukila maharagwe.
Saa tisa mtu akasema, "Lakini huyu mtoto hajala."
Saa kumi na moja Sikuku alifungua boneti
aliyokwisha kuifunga, akaitazama, akaifunga tena.

Khaemba hakurudi siku ile.

Nilidhani najua mzaha ni nini. Nilidhani ni mlango:
mgeni anagonga, anachekwa, anaingia,
kesho anakaa nasi kumngoja mwingine.
Mimi mwenyewe nilitumwa spana ya mkono wa kushoto,
nikalia chooni, nikatoka ndugu yao.
Ila aliye ndani ndiye anayejua kwamba ni mlango.
Aliye nje anaona ukuta.

Kesho yake, jua likikaribia utosi, alikuja na mama yake.
Nasambu alikuwa amelibeba kopo ndani ya leso
kama mtu abebaye mtoto mwenye homa.
Kopo la mafuta ya kupikia, mdomo umezibwa kwa nta.
"Mwanangu alilala na njaa kwa aibu," akasema.
"Nimedamka hadi Kitale. Nimelipata.
Nyekundu, kama mlivyotaka.
Mia nane. Na nauli mia tatu."

Utamwambia nini?
Kwamba hakuna kitu cha namna hiyo, mama,
tulimzungusha mwanao ili tule maharagwe kwa furaha?

Sikuku akatoa mia tano. Mimi mia mbili.
Wengine wakatoa sarafu za chai.
Dereva wa lori akachanga pia, akidhani ni matanga.
Nasambu alihesabu mara mbili,
akafunga noti kwenye pindo la leso,
akamwambia mwanawe, "Fanya kazi," akaenda zake.
Khaemba akachukua ufagio.

Miaka sita sasa. Kopo liko rafuni.
Ukilitikisa linanong'ona: pengine mchanga, pengine mtama.
Nusu yetu wanaapa kwamba Nasambu alitucheza kama karata.
Nusu wanasema la: yuko mtu Kitale, mjanja kutupita,
aliyemwona mama anatafuta heshima ya mwanawe
akamwuzia.
Kama ni lile la kwanza, nina kicheko nimekiweka akiba.
Kama ni la pili, kicheko changu kilipanda gari hadi Kitale
kikala pesa za kuku wake.

Khaemba ukimwuliza anasema, "Si ulifungue."

Hatulifungui.

Juzi amekuja mwanagenzi mpya, mwembamba, viatu vya shule.
Akaangaza macho, akauliza kopo lile lina nini.
Nyundo zote zikanyamaza.

"Cheche," Khaemba akasema.
Hakutabasamu.